Kufuta au Kubandua? Amri 'del' na Mawanda ya Jina katika Lugha ya Python

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za sayansi na teknolojia katika Kiswahili aghalabu huegemea kwenye swali moja: neno hili la Kiingereza liitweje kwa Kiswahili? Swali hilo lina mahali pake, lakini lina kasoro ya msingi. Linachukulia kwamba neno la Kiingereza limekwisha kuieleza dhana barabara, na kwamba kazi iliyobaki ni kutafuta kisawe tu. Pale ambapo neno la Kiingereza lenyewe linapotosha, kisawe chake kilicho sahihi kabisa kitapotosha vilevile, na huenda kikapotosha zaidi, kwa kuwa mwanafunzi atakipokea katika lugha anayoiamini.

Makala haya yanachunguza mfano mmoja wa hali hiyo. Python ni lugha ya kompyuta iliyobuniwa na Guido van Rossum katika taasisi ya utafiti ya CWI mjini Amsterdam, Uholanzi, na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Leo ni miongoni mwa lugha zinazotumiwa sana kufundishia wanaoanza kujifunza kuandika programu. Miongoni mwa amri zake imo 'del', ambayo ni ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya kufuta. Mwalimu anayeifafanua amri hiyo kwa Kiswahili huelekea, bila ya kufikiri sana, kusema kwamba 'del' hufuta kigeu. Makala haya yanadai kuwa ufafanuzi huo si sahihi. Amri 'del' haifuti kitu, hubandua jina. Inadaiwa pia kwamba ushahidi wa dai hilo haumo katika kamusi za Kiingereza bali katika kanuni za Python zenyewe, hususan kanuni zinazohusu mawanda ya majina.

Huenda msomaji akauliza suala hili linaihusu vipi taaluma ya Kiswahili. Majibu ni mawili. Kwanza, uhusiano baina ya jina na kitu kinachotajwa ni suala la semantiki, na halikomi kuwa hivyo kwa sababu anayesoma matini ni mashine. Pili, Kiswahili kina nyenzo ya kimofolojia, yaani kauli ya kutendua, inayoieleza dhana hii kwa usahihi ambao neno teule la Kiingereza halina. Litakuwa jambo la kusikitisha iwapo wataalamu wa Kiswahili wataiacha nyenzo hiyo na kuchukua tafsiri ya neno lisilofaa.

2.0 Jina na Kitu

Vitabu vingi vya kuanzia hueleza kwamba kigeu ni kisanduku kinachotiwa thamani. Katika lugha kama C maelezo hayo yana mashiko, kwa sababu huko kigeu ni mahali mahsusi katika kumbukumbu ya kompyuta, na thamani hutiwa pale. Katika Python mambo si hivyo. Kinachokuwepo kwanza ni kitu, yaani namba, neno, orodha au hata fanksheni, na jina ni kibandiko kinachobandikwa juu ya kitu hicho. Kitu kimoja kinaweza kubeba vibandiko viwili au zaidi. Tazama mfano ufuatao:

(1) miji = ["Lamu", "Kilwa"]
    bandari = miji
    del miji
    print(bandari)

Mstari wa pili hauundi orodha mpya. Unaipa orodha ileile jina la pili. Mstari wa tatu, kwa hiyo, hauiathiri orodha hata kidogo, na mstari wa nne huonyesha miji yote miwili kama ilivyokuwa. Mwanafunzi aliyefundishwa habari ya kisanduku na kufuta hutarajia jambo jingine kabisa: ama orodha itoweke, ama 'bandari' iwe na nakala yake yenyewe. Matarajio yote mawili si sahihi.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hali hii si ngeni. Mtu mmoja huitwa Asha na wazazi wake, Mama Juma na majirani zake na Mwalimu na wanafunzi wake. Siku atakapostaafu na wanafunzi wakaacha kumwita Mwalimu, hakuna mtu aliyetoweka. Kilichokoma ni uhusiano baina ya jina moja na mtu, na majina mengine yanaendelea kumfikia kama kawaida.

Ni kweli kwamba mara nyingine kitu hutoweka baada ya 'del'. Katika utekelezaji wa Python unaotumiwa zaidi, ujulikanao kama CPython, kila kitu huwekewa hesabu ya marejeleo yanayokielekea. Hesabu hiyo inapofika sifuri, kitu huondolewa na nafasi yake katika kumbukumbu hutolewa kwa matumizi mengine. Utekelezaji mwingine huweza kuchelewa kufanya hivyo. Lakini hapa inafaa kutenganisha maana ya kitenzi na matokeo ya tendo. Mtu anayefungua kamba ya mbuzi huenda mbuzi akamtoroka, na huenda mbuzi akabaki palepale kwa kuwa amefungwa kwa kamba ya pili. Hakuna mwanaleksikografia atakayeandika katika kamusi kwamba fungua maana yake ni kutorosha. Vivyo hivyo, kutoweka kwa kitu si maana ya 'del'. Ni tokeo linalowezekana pale jina lililobanduliwa lilipokuwa rejeleo la mwisho.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Chukua programu ya zahanati ambamo kumbukumbu ya mgonjwa imepewa jina 'mgonjwa' na wakati huohuo imewekwa katika orodha ya wagonjwa wa siku hiyo. Mwandishi wa programu anayeamini kwamba 'del mgonjwa' imeifuta kumbukumbu hiyo atamhakikishia daktari kuwa habari za mgonjwa hazimo tena, ilhali zimo, zote, katika orodha. Siri ya mtu imebaki wazi kwa sababu ya kitenzi kisichofaa.

3.0 Mawanda ya Jina

Jina halina nguvu kila mahali. Katika mazungumzo ya Watanzania kuhusu historia ya nchi yao, neno Mwalimu likitajwa peke yake huchukuliwa kuwa ni Julius Nyerere. Neno hilohilo likitamkwa na mtoto aliye darasani huwa ni mtu aliyesimama mbele ya ubao. Maana ya karibu huifunika maana ya mbali, wala haiiondoi. Eneo ambamo jina hufikia kitu fulani ndilo linaloitwa hapa mawanda ya jina.

Python nayo ina mpangilio wa namna hiyo, wenye ngazi nne. Jina linapotajwa ndani ya fanksheni, hutafutwa kwanza katika mawanda ya fanksheni hiyo. Kisha katika fanksheni inayoizunguka, kama ipo. Kisha katika moduli nzima. Na mwishowe katika majina asilia yaliyokuja na lugha yenyewe, kama vile 'print' na 'len'. Ngazi ya pili haikuwepo tangu mwanzo. Iliingizwa kwa hiari katika toleo la 2.1 mwaka 2001, na ikawa kanuni ya kawaida katika toleo la 2.2 mwishoni mwa mwaka huohuo. Kabla ya hapo fanksheni iliyo ndani ya nyingine haikuyaona majina ya mzazi wake.

Hadi hapo mfanano na lugha ya binadamu ni mkubwa. Unapokatika ni katika namna mawanda yanavyoamuliwa. Tazama mfano wa pili:

(2) umri = 20
    def onyesha():
        print(umri)
        umri = 21
    onyesha()

Msikilizaji wa kawaida, ambaye hupokea maneno moja baada ya jingine, angedhani kwamba mstari wa 'print' utaonyesha 20, maadam wakati huo jina la ndani halijatajwa. Python haifanyi hivyo. Kabla ya kutekeleza hata mstari mmoja, mkalimani wa Python, yaani programu inayosoma matini na kuitekeleza, huyapitia maandishi yote ya fanksheni. Akiona kwamba jina limebandikwa mahali popote humo, hata kama ni mstari wa mwisho, huliamua kuwa ni la ndani tangu mstari wa kwanza. Kwa hiyo 'print' hulitafuta jina la ndani ambalo bado halijabandikwa juu ya kitu chochote, na kosa liitwalo UnboundLocalError hutokea. Namba 20 iko palepale nje, lakini fanksheni haiwezi tena kuifikia kwa jina hilo.

Kwa lugha ya isimu, mawanda katika Python ni sifa ya matini, si ya mfuatano wa matukio. Mwandishi anayetaka jina la moduli libaki kuwa la moduli hana budi kulitangaza kwa neno 'global'. Anayetaka jina la fanksheni inayozunguka hulitangaza kwa neno 'nonlocal', lililoingia katika toleo la 3.0 mwaka 2008. Pasipo tangazo, kubandika jina ni kulimiliki. Kanuni hiyo ndiyo inayotoa ushahidi muhimu zaidi kuhusu maana ya 'del'.

4.0 Ushahidi Utokanao na Mawanda

4.1 Anayebandua huhesabiwa kuwa amebandika

Badilisha mstari mmoja tu katika mfano wa pili:

(3) umri = 20
    def ondoa():
        print(umri)
        del umri
    ondoa()

Humu hamna mahali ambapo 'umri' imebandikwa juu ya kitu ndani ya fanksheni. Imetajwa, kisha ikaamriwa kuondolewa. Hata hivyo kosa ni lilelile, tena hutokea katika mstari wa 'print', kabla amri 'del' haijafikiwa. Sababu ni kwamba, kwa kanuni za Python, jina linalotajwa baada ya 'del' huhesabiwa kuwa limebandikwa katika fanksheni hiyo, na kwa hiyo ni la ndani.

Anayeichukua 'del' kuwa ni kufuta hawezi kulieleza jambo hili. Mtu anaweza kuufuta ubao ulioandikwa na mwenziwe. Kufuta hakumfanyi kuwa mwandishi. Lakini anayeichukua 'del' kuwa ni kinyume cha kubandika hapati taabu yoyote. Kitenzi cha kutendua hudokeza tendo lililotangulia. Akisikika mtu anasema anakwenda kuanua nguo, msikilizaji huelewa kwamba nguo zilianikwa, na hahitaji kuambiwa. Mkalimani wa Python naye, akiona 'del umri' ndani ya fanksheni, hudhani kwamba 'umri' ilibandikwa humohumo. Dhana tangulizi iliyomo katika kauli ya kutendua ndiyo iliyogeuzwa kuwa kanuni ya mawanda.

4.2 Nafasi hubaki baada ya kijazo kuondoka

Mfano wa nne unaonyesha kinachotokea baada ya jina la ndani kubanduliwa:

(4) umri = 20
    def jaribu():
        umri = 5
        del umri
        print(umri)
    jaribu()

Iwapo 'del' ingekuwa imelifuta jina la ndani kabisa, ingetarajiwa kwamba utafutaji ungeendelea nje na kuikuta namba 20. Haiwi hivyo. Kosa la UnboundLocalError hutokea tena. Katika CPython majina ya ndani ya fanksheni hupangiwa nafasi maalumu kabla ya utekelezaji kuanza, na 'del' huiacha nafasi hiyo tupu bila ya kuiondoa. Wanaisimu waliozoea kutofautisha nafasi na kijazo watalitambua jambo hili mara moja: kijazo kimetoka, nafasi imebaki, na maadam nafasi ipo, hakuna kinachoruhusiwa kuivuka.

Katika ngazi ya moduli hali ni nyingine. Huko majina huhifadhiwa katika muundo ambao Python yenyewe huuita kamusi, na 'del' hukiondoa kidahizo chote. Kwa hiyo jina la mbali lililokuwa limefunikwa hujitokeza tena:

(5) len = 7
    del len
    print(len("Unguja"))

Baada ya mstari wa pili, 'len' ya asili, ambayo huhesabu herufi, huonekana tena, na jibu ni 6. Mwili wa klasi nao, tofauti na fanksheni, huruhusu utafutaji uendelee nje baada ya jina kubanduliwa. Tofauti hizi zinahusu mahali jina linapotunzwa. Popote pale, kinachoguswa ni jina. Namba 7 haikuguswa, wala 5 katika mfano wa nne.

4.3 Hakibanduliwi kisichobandikwa

Amri 'del' ikielekezwa kwa jina lisilokuwepo hutoa kosa: NameError katika moduli, na UnboundLocalError katika fanksheni. Hapa tena vitenzi viwili vya Kiswahili vinatengana. Mtu anaweza kufuta meza iliyo safi au ubao usioandikwa kitu. Tendo lake litakuwa la ziada, lakini limetendeka. Hawezi kufungua mlango ulio wazi, kukunjua mkeka usiokunjwa, wala kubandua karatasi ambayo haikubandikwa. Python inaichukulia 'del' kama kundi hili la pili.

4.4 Marekebisho ya ujumbe wa kosa

Waundaji wa Python wenyewe wamelazimika kuyapima maneno yao. Kwa miaka mingi ujumbe wa kosa katika mifano kama (4) ulisema kwamba kigeu cha ndani kimerejelewa kabla ya kupewa thamani. Kwa mfano wa (4) maelezo hayo hayakuwa ya kweli: jina lilikwisha kupewa thamani, kisha likavuliwa. Katika toleo la 3.11, lililotoka mwaka 2022, ujumbe ulibadilishwa, na sasa unasema kwamba kigeu cha ndani hakiwezi kufikiwa mahali ambapo hakihusishwi na thamani yoyote. Mkazo umehama kutoka kwenye wakati na kwenda kwenye uhusiano. Yafaa kuzingatiwa kwamba kilichosahihishwa hapo si utaratibu wa mashine, bali ni sentensi.

Vivyo hivyo, kabla ya toleo la 3.2 la mwaka 2011 ilikatazwa kulibandua jina la ndani ambalo linarejelewa na fanksheni iliyo ndani yake. Katazo hilo liliondolewa. Leo jina laweza kubanduliwa, na fanksheni ya ndani ikilihitaji baadaye itapata kosa wakati huo, wala si kabla. Maana yake ni kwamba nafasi inayoshirikiwa na fanksheni mbili nayo imekubaliwa kuwa inaweza kukaa tupu.

4.5 Kubandua pasipo amri

Kuna mahali ambapo Python hubandua jina yenyewe, bila ya mwandishi kuandika 'del':

(6) kosa = "hakuna"
    try:
        int("sita")
    except ValueError as kosa:
        pass
    print(kosa)

Katika matoleo ya 3.0 na yaliyofuata, mstari wa mwisho hutoa NameError. Jina lililobandikwa na 'except' hubanduliwa sehemu hiyo inapokwisha, na kwa kuwa jina ni moja, hata neno "hakuna" lililokuwa limebeba jina hilo mwanzoni halipatikani tena kwalo. Sababu ya utaratibu huo ni ya kumbukumbu. Kitu kinachowakilisha kosa hubeba habari za mahali kosa lilipotokea. Habari hizo huyashika majina ya ndani ya pale. Na miongoni mwa majina hayo limo jina la kosa lenyewe. Mduara wa namna hiyo huzuia hesabu ya marejeleo isifike sifuri. Jina hubanduliwa ili mduara ukatike na kitu kiweze kuachiwa. Huu ni mfano bayana unaoonyesha kwamba kubandua ni njia, na kutoweka kwa kitu ni tokeo linalotarajiwa baadaye.

Inafaa kulinganisha na jina la mzunguko wa 'for' wa kawaida, ambalo halibanduliwi mzunguko unapokwisha bali hubaki na thamani yake ya mwisho. Lugha hii haitoi mawanda mapya kwa kila aya ya matini, na asiyelijua hilo hukutana na jina la zamani mahali asipolitarajia.

5.0 Kauli ya Kutendua na Pendekezo la Istilahi

Kauli ya kutendua ni mnyambuliko unaoonyeshwa na -u- au -o-, nao hufanya kitenzi kitangue hali iliyoletwa na kitenzi cha awali: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, choma na chomoa. Lipo kundi dogo ndani yake ambalo lina umuhimu wa pekee hapa, ambamo -ik- ya kuweka hupisha -u- ya kutangua: anika na anua, funika na funua, bandika na bandua. Vitenzi hivi vina sifa tatu za pamoja. Kwanza, huhusu mahusiano ya kitu na mahali au kitu kingine. Pili, kutangua uhusiano hakukiharibu kitu chenyewe. Anayeanua nguo hazichani. Tatu, kitenzi cha kutendua hudokeza kuwa hali ya kwanza ilikuwepo.

Sifa hizo tatu ndizo zilizojitokeza katika mifano ya (1) hadi (6). Kwa hiyo makala haya yanapendekeza kwamba, katika kufundisha Python kwa Kiswahili, kigeu kiitwe jina; tendo la alama ya '=' liitwe kubandika jina; na tendo la 'del' liitwe kubandua jina. Jina lililo katika hali ya mfano wa nne liitwe jina lisilobandikwa. Kitenzi futa kibakizwe kwa mambo yanayofutwa kwa kweli, kama vile faili katika diski au maandishi katika kioo cha simu.

Faida ya jozi hii ni kwamba kanuni inayosumbua wanafunzi zaidi inaweza kutamkwa kwa sentensi moja: jina linalobandikwa au kubanduliwa mahali popote ndani ya fanksheni ni jina la ndani katika fanksheni nzima, ila litangazwe vinginevyo. Kanuni hiyohiyo ikitamkwa kwa futa na weka inaonekana kuwa ya kiholela, kwa sababu hakuna uhusiano wa kimofolojia unaovifunga vitenzi hivyo viwili.

6.0 Hoja za Upinzani

Hoja ya kwanza ni kwamba bandika imekwisha kutumiwa katika programu za Kiswahili kwa tendo la kuweka mahali pengine maandishi yaliyonakiliwa. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Uwili wa maana ni jambo la kawaida katika istilahi, na muktadha huutatua. Zaidi ya hayo, kinachopendekezwa si bandika peke yake bali bandika jina, na hakuna anayenakili jina kwenye ubao wa kunakilia akisema maneno hayo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Amri 'del' hutumika pia kwa sehemu ya kitu, kama katika 'del miji[0]', ambapo mji wa kwanza huondolewa katika orodha. Hapa orodha yenyewe imebadilika, na badiliko huonekana kupitia kila jina inalobeba. Je, huku si kufuta? Jibu ni kwamba orodha pia haihifadhi vitu vyenyewe bali marejeleo ya vitu. Kinachokatwa ni rejeleo baina ya nafasi ya kwanza na kitu kilichokuwa hapo. Kitu hicho kikiwa na jina jingine kitaendelea kuwepo. Hata hivyo ikubaliwe kwamba neno jina halifai kwa nafasi yenye namba. Huko itoshe kusema kubandua nafasi ya kwanza, au kuondoa tu. Pendekezo linabaki thabiti katika kitenzi, ingawa yambwa yake inabadilika.

Hoja ya tatu hudai kuwa juhudi hizi ni bure, kwa kuwa mwanafunzi atakutana na 'del' kwa Kiingereza kila siku. Lakini ni kwa sababu hiyo hasa ndipo maelezo ya Kiswahili yanapohitajika. Neno 'del' litabaki katika matini ya programu kama alama, kama vile '+' inavyobaki alama. Anachohitaji mwanafunzi ni sentensi ya lugha yake inayomweleza alama hiyo hufanya nini. Sentensi hiyo ikiwa tafsiri ya kosa, hatakuwa amepata chochote ambacho Kiingereza hakikumpa.

Hoja ya nne ni ya usanifishaji: kwamba dhana ya kigeu ni moja katika lugha zote za kompyuta, na haifai kuipa jina jingine katika Python. Dhana si moja. Kigeu cha C na jina la Python hutofautiana kama sehemu ya pili ya makala haya ilivyoonyesha, na istilahi inayozificha tofauti hurahisisha kazi ya mwandishi wa faharasa na kuifanya ngumu kazi ya mwanafunzi.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba amri 'del' katika Python hutangua uhusiano baina ya jina na kitu, na kwamba kanuni za mawanda huichukulia kuwa jamaa wa tendo la kubandika: hulifanya jina kuwa la ndani, hudai kwamba jina liwe limebandikwa, na katika fanksheni huacha nafasi tupu inayozuia jina la nje lisionekane. Tabia zote hizo ni tabia za kitenzi cha kutendua. Waundaji wa Python walichagua neno la Kiingereza lenye maana ya kufuta, na uamuzi huo umewachanganya wanafunzi wa mataifa yote. Kiswahili hakilazimiki kuurithi.

Somo lililo pana zaidi linawahusu wote wanaounda istilahi. Kabla ya kuuliza neno la Kiingereza litafsiriweje, inafaa kuuliza dhana yenyewe hutenda nini, ikifika wapi na ikiacha nini nyuma yake. Majibu ya maswali hayo mara nyingine yamo tayari katika sarufi ya Kiswahili, katika viambishi ambavyo wanafunzi wa shahada za juu huvichambua kila mwaka katika tasnifu zao bila ya kuvitumia. Wapo walimu wanaoingia madarasani leo kufundisha kompyuta wakiwa hawana faharasa ya kuaminika. Wataitumia ile watakayopewa kwanza, na yale watakayoyasema katika miaka hii ndiyo yatakayokuwa vigumu kuyabandua baadaye.